Barua ya Wazi kwa Mnaofikiria Kusilimu: Shaka ya Mitume na Shaka ya Faradhi

Wanangu,

Hamjambo. Nawaandikia nyinyi mnaokuja kuuliza habari za Uislamu, mkarudi nyumbani na maswali yaleyale, mkakaa miezi hamjasilimu wala hamjaacha. Nimeyasikiliza maswali yenu, na naona mnachanganya shaka za namna mbili. Iko shaka ya Mitume na iko shaka ya faradhi, yaani mambo ya lazima kama sala na zaka. Ya kwanza imalizeni kabla hamjatamka shahada, yaani kushuhudia kwamba hapana mungu ila Allah na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Ya pili msiingoje iishe, maana haimaliziki mtu akiwa nje. Wengi wenu mmezigeuza: mnataka kwanza mjue kusali kama mtu aliyelelewa madrasa, na suala la Nabii Isa mnasema mtaliona mbele ya safari. Huko ndiko wengi wanakokwama.

Tuanze na Isa, kwa kuwa wengi mmekulia kanisani na hapo ndipo panapouma. Kusilimu hakumwondoi moyoni mwako. Qur'ani inamtaja kwa jina mara 25, na jina la Muhammad mara 4. Sura ya 19 ina jina la mama yake, Maryam, na inamsimulia akiwa na uchungu wa kuzaa, peke yake, ameegemea shina la mtende. Mwislamu akimkana Isa, ametoka katika Uislamu. Lakini upande wa pili sitawaficha. Isa wa Qur'ani ni mja wa Mwenyezi Mungu na ni Mtume wake. Si mwana wa Mungu, si mmoja wa watatu, na aya ya 157 ya sura ya 4 inasema hawakumuua wala hawakumsulubu. Ukisema *ash-hadu an laa ilaaha illallaah*, umeyakubali haya. Kama ukiwa peke yako usiku bado unamwomba Yesu akusamehe dhambi, basi usitamke. Soma, uliza, ngoja. Hakuna aibu katika kungoja. Aya ya 256 ya sura ya 2 imekwisha kukata kwamba hapana kulazimishana katika dini.

Hapa lipo jambo linalonikera sana. Kijana amechumbia, wazee wa binti wamesema hawamwozi asiyesilimu. Alhamisi anapelekwa msikitini, anatamkishwa Kiarabu asichokijua maana, na Ijumaa anaozwa. Hakuna aliyemwambia Isa sasa ni nani kwake. Mtoto wa kwanza akizaliwa ndipo ugomvi unapolipuka: achinjiwe mnyama wa akika au abatizwe? Wazazi wenye mabinti, mpeni mchumba muda wa kusoma. Na wewe mchumba, mapenzi kukufikisha mlangoni si kosa, ila mwambie shehe akufasirie shahada kwa Kiswahili neno kwa neno kabla hujaifuatisha.

Wengine hamna taabu na Isa. Mnasema Mungu ni mmoja, mnakubali, lakini Muhammad mnamwona ni Mtume wa Waarabu. Hiyo ni nusu ya shahada, na nusu haimwingizi mtu. Aya ya 28 ya sura ya 34 inasema ametumwa kwa watu wote. Tazameni pia aya ya 105 ya sura ya 26: watu wa Nuhu "waliwakadhibisha Mitume", kwa wingi, ilhali aliyewajia ni Nuhu peke yake. Wanazuoni wameeleza kwamba ujumbe wao ni mmoja, kwa hiyo anayemkataa mmoja amewakataa wote. Ndiyo maana Mwislamu hana ruhusa ya kuchagua kati ya Musa, Isa na Muhammad. Waliotajwa kwa majina ni 25, na sura ya 4 aya ya 164 inasema wapo wengine ambao habari zao hazikusimuliwa.

Na mnaoogopa kwamba Waislamu wanamwabudu Muhammad, someni mwanzo wa sura ya 80. Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, kabila lake, akaja kipofu, Ibn Ummi Maktum, kutaka kufundishwa. Mtume akakunja uso, na aya zikashuka kumlaumu. Aya hizo yeye mwenyewe ndiye aliyewasomea watu, na zinasomwa hadi leo. Siku aliyofariki Madina, mwaka 632, sahaba wake Abu Bakr alisimama akawaambia watu: aliyekuwa akimwabudu Muhammad, basi Muhammad amekufa, na aliyekuwa akimwabudu Allah, basi Allah yu hai, hafi.

Maswali mazito zaidi, ya vita vyake na ndoa zake, msiyapeleke kwenye mihadhara ya kulinganisha dini. Pale watu wanatafuta kushangiliwa. Soma sira, yaani historia ya maisha ya Mtume, kwa mpangilio, tangu Makka. Anayeanzia Madina hajui kwamba Mtume aliishi na mkewe wa kwanza, Khadija, peke yake miaka ipatayo 25, hakumwolea mwenzake mpaka alipofariki.

Sasa faradhi. Mtume alipomtuma sahaba wake Muadh kwenda Yemen, alimpa utaratibu: kwanza waite kwenye shahada, wakikubali, wajulishe sala tano, wakikubali hilo, wajulishe zaka, sadaka ya lazima. Hakumwambia awarundikie yote siku moja. Mtu akisilimu leo, faradhi zote zinamhusu tangu leo, ila kujifunza kuna ngazi, na ngazi ya kwanza ni sala.

Rakaa kwa siku ni 17: Alfajiri 2, Adhuhuri 4, Alasiri 4, Magharibi 3, Isha 4. Mnalalamika kwamba kazini hakuna nafasi. Adhuhuri ya rakaa nne haifiki dakika kumi, na wakati wake hapa pwani unadumu kwa muda wa kama saa tatu. Kinachokosekana mara nyingi ni udhu, kujitakasa kwa maji kabla ya sala. Tia udhu kabla ya kutoka nyumbani na ujitahidi kuutunza, nusu ya taabu itakuondokea.

Udhu wenyewe, kwa madhehebu ya Shafi inayofuatwa na wengi pwani, una faradhi sita: nia, kuosha uso, kuosha mikono mpaka viwikoni, kupaka maji sehemu ya kichwa, kuosha miguu mpaka vifundoni, na kufuata mpangilio huo. Maji si mengi. Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi moja, yaani vibaba vinne, hadi vibaba vitano. Kibaba hakijazi chupa ya lita moja. Kinachoharibu udhu si uchache wa maji, ni mahali palipobaki pakavu: kisigino, nyuma ya kiwiko, chini ya pete inayobana. Fundi rangi akwangue rangi iliyoganda vidoleni, mpishi atoe unga uliokauka kwenye kucha, na dada aliyepaka rangi ya kucha aifute kwanza, maana maji hayapiti.

Fatiha ina aya saba, na Bismillahi ni ya kwanza kwa Shafi. Chukua aya moja kwa siku, baada ya wiki unayo. Msijifunze kwa karatasi yenye herufi za Kiswahili peke yake, kwa sababu *h* yetu moja inabeba herufi mbili za Kiarabu. Aya ya tano inaanza na *iyyaaka*, na *y* hiyo inakazwa. Ukiilegeza, maana inaharibika. Tazama mdomo wa mwalimu. Wakati hujaihifadhi, sala haisimami kungoja: mahali pake soma *subhaanallaah, walhamdu lillaah, walaa ilaaha illallaah, wallaahu akbar*. Mwanamke mwenye hedhi hasali wala halipi sala hizo. Saumu ndiyo anayolipa.

Zaka inawatisha bure. Nisabu, kiwango cha chini cha mali ya kutolewa zaka, ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikae mwaka mzima wa Kiislamu, ndipo utoe asilimia 2.5, yaani shilingi 25,000 katika kila milioni. Wengi wenu hamjafika hapo. Zaka ya fitri, ya mwisho wa Ramadhani, ndiyo inayowagusa: pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, karibu kilo mbili na nusu. Hija ni mara moja kwa mwenye uwezo.

Sala na saumu za miaka iliyopita hamlipi. Mtume alimwambia Amr bin al-As, alipokuja kusilimu, kwamba Uislamu huvunja yaliyokuwa kabla yake. Deni la duka ulilipe lakini, hiyo ni haki ya mtu. Pombe na kitimoto ni haramu tangu siku hiyo. Aliyezoea pombe akateleza ni Mwislamu mwenye dhambi, atubu na aendelee kusali, asijihesabu ametoka. Tohara kwa mwanamume ni wajibu kwa Shafi lakini si sharti la kuingia. Nenda hospitali ukiwa na nafasi. Jina si lazima ulibadilishe kama maana yake si mbaya, na la baba yako usiliguse kabisa. Hati ya kusilimu ichukueni, mtaihitaji kwenye ndoa na hija.

Mume akisilimu na mke wake Mkristo, ndoa yao inabaki. Mke akisilimu kabla ya mumewe, aende kwa kadhi mapema, kwa maana hapo ipo hesabu ya eda, muda wa mke kungoja, na haifai kubahatisha. Wazazi mnaowaacha kanisani, sura ya 31 aya ya 15 inawaamuru mkae nao kwa wema, hata wakiwashikilia mrudi. Kinachokataliwa ni kuwatii katika shirki tu, yaani kumshirikisha Mungu. Mama yako Mkristo hatakurithi, kwa kauli ya wanazuoni wengi, lakini unaweza kumwandikia wasia usiozidi thuluthi ya mali yako. Uandike mapema, mbele ya mashahidi.

Siku ukiwa tayari, oga, vaa nguo safi, njoo. Ukisilimu saa nane mchana, Adhuhuri ya siku hiyo ni yako. Tutasimama pamoja, wewe kuliani kwangu, ufanye ninavyofanya.

Mzee wenu