Dakika kumi za namba kila asubuhi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi na walimu wenzangu wa Tanga kuhusu hesabu za watoto wadogo. Nafundisha darasa la pili. Kila mwaka napokea mtoto anayehesabu moja hadi mia bila kukwama, lakini ukimwuliza baada ya thelathini na tisa inakuja ngapi, anarudi kuanza moja. Au anajibu, "Thelathini na kumi."

Tusimcheke. Huyo amefikiri. Kiswahili kimemzoesha kwamba kumi na tatu ni kumi na juu yake tatu, na mpaka kumi na tisa lugha yenyewe inamwonyesha namba ilivyojengwa. Halafu yanamjia ishirini, thelathini, arobaini, maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, ambayo kwa sauti yake hayamwambii kuwa ndani mna makumi mawili, matatu, manne. Hilo lazima aambiwe, tena si siku moja.

Ninachoomba ni dakika 10 za namba kila asubuhi, kwa mdomo, kabla daftari halijafunguliwa. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha: dakika 1,940, yaani zaidi ya saa 32, na mzazi hajatoa hata shilingi ya tuisheni.

Siku nyingine tunahesabu wote pamoja, ila hatuanzi na moja. Tunaanza 37 kwenda mbele, au 62 kurudi nyuma, au tunaruka kumi kumi kutoka 4: 4, 14, 24, 34. Siku nyingine nashika kadi yenye nukta 7, naionyesha kwa sekunde mbili tu, naificha. Umeona ngapi? Umezionaje? Mmoja ameona 5 na 2, mwingine 3 na 3 na moja pembeni.

Lakini zoezi linalowabadilisha zaidi ni hili. Naandika ubaoni 8 + 7, kisha nanyamaza. Hakuna kunyoosha mkono wala "mwalimu mimi, mwalimu mimi," kwa sababu mkono wa mwepesi humkatisha tamaa anayefikiri taratibu. Aliyepata anaweka kidole gumba kifuani na kusubiri. Wakishatulia nauliza: umepataje? Mmoja anasema amechota 2 kwenye 7 akazipa 8, zikawa 10, zikabaki 5. Mwingine anasema 7 na 7 ni 14, akaongeza moja. Mwingine amehesabu vidole, na njia yake pia naiandika ubaoni. Aliyekosea naye anaeleza, na mara nyingi hajamaliza kueleza ameshajisahihisha mwenyewe. Hapo ndipo sharti la zoezi lilipo: anayeogopa kuchapwa au kuzomewa hatasema alivyofikiri, na asiposema mimi sina pa kumshikia.

Najua mwenzangu atauliza, darasa la watoto 90 nitaliwezaje? Kwa siku moja wataongea wanne au watano, kesho wengine, na wote wanasikia. Kuhusu mada kuchelewa, muda huo hurudi baadaye. Mtoto asiyejua kumi anachora vijiti 48, anachora vingine 27, anaruka kimoja katika kuhesabu, na kipindi kimekwisha. Nimewaona wa darasa la tano wakifanya hivyo, na inauma.

Kwa wazazi sina maneno mengi, maana sisi wa Ngamiani barabara zetu zina namba. Mtoto wa Barabara ya 6 akitumwa Barabara ya 13, mwulize zimebaki ngapi akiwa njiani. Babu akicheza bao barazani, mjukuu akae karibu: kete 64, kila mchezaji 32, hesabu hapo haiishi. Na dukani ndiko watoto walikonifundisha mimi. Mtoto ana elfu moja, amenunua vitu vya mia saba. Anasema "mia nane, mia tisa, elfu," anainua vidole vitatu na kudai chenji yake mia tatu. Huyohuyo darasani ukimwandikia 1000 − 700 anaduwaa. Kutoa anakujua. Hajaambiwa tu kwamba alichofanya dukani ndicho hicho kilichoandikwa ubaoni.

Basi nawaomba walimu wakuu wa jiji letu waziingize dakika hizo 10 kwenye ratiba ya darasa la kwanza hadi la tatu, mara baada ya mstarini, na zisiliwe na matangazo wala kufagia uwanja. Kamati za shule zitusaidie kukusanya komwe na vizibo vya soda, na raba za kufungia vijiti kumi kumi. Vitu hivi tunavikanyaga kila siku.

Na kwako, Mhariri, nina ombi. Tenga kona ndogo gazetini, namba moja kila toleo, na swali moja chini yake: unaweza kuipata kwa njia ngapi? Wazazi wataisoma na watoto wao jioni. Ukikubali, naomba tuanze na 24.

Mwalimu wa darasa la pili,
Ngamiani, Tanga