Barua ya Malalamiko: Safari ya Kigali Kutazama Mashindano ya Dunia ya Baiskeli

Nyegezi, Mwanza
13 Oktoba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Usafiri na Utalii,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA KIGALI YA TAREHE 26 HADI 29 SEPTEMBA 2025 NA MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyelipia nafasi mbili, yangu na ya binti yangu mwenye umri wa miaka 16, katika safari mliyoitangaza kwa ajili ya Mashindano ya Dunia ya Baiskeli Barabarani yaliyofanyika Kigali, Rwanda. Nililipa shilingi 680,000 kwa kila nafasi, jumla shilingi 1,360,000, na stakabadhi ninayo. Naandika kwa sababu kampuni yenu ilituuzia nafasi ya kutazama mashindano ambayo haikuwa imejifunza jinsi yanavyokwenda, na kutokana na kutojifunza huko tulisafiri siku nne kwa basi tukarudi nyumbani bila kuona yale mawili tuliyoyafuata: mbio za wanawake za Jumamosi na mwisho wa mbio za wanaume za Jumapili.

Sisi wa Kanda ya Ziwa baiskeli si kitu kigeni kwetu. Binti yangu ameanza kushindana mwaka jana, naye hufanya mazoezi kila alfajiri katika barabara ya Usagara huku mimi nikimfuata nyuma kwa pikipiki. Mashindano haya yalikuwa yanafanyika barani Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake, tena katika nchi jirani tunayoifikia kwa barabara ya lami. Ndiyo maana nilianza kuweka akiba tangu mwezi Januari, na ndiyo maana nililipa bei yenu bila kuomba punguzo.

Ratiba mliyotupatia ilionyesha kwamba tungeondoka Mwanza Ijumaa saa 11:00 alfajiri, tukavuka daraja la Kigongo–Busisi, tukapita Geita na Biharamulo, tukaingia Rwanda kupitia Rusumo na kulala Kigali usiku huo huo. Basi liliondoka saa 5:20 asubuhi. Kuchelewa huko peke yake ningeweza kukuvumilia, kwa kuwa safari ndefu haikosi dharura. Lakini tulipofika Rusumo usiku, maofisa walibaini kwamba basi halikuwa na bima ya kuvukia mpaka, ile inayofahamika kama Kadi ya Njano, ambayo kila msafirishaji anayetoka Tanzania kwenda Rwanda anajua kwamba hawezi kuvuka bila kuwa nayo. Abiria wote tulikuwa na pasipoti zetu na hati zilizotakiwa. Chombo cha kampuni ndicho kilichokosa karatasi. Tulilala ndani ya basi, na bima haikupatikana hadi Jumamosi alasiri.

Saa ambazo tulikuwa tumekaa kwenye benchi pale mpakani ndizo saa ambazo wanawake walikuwa wakizunguka Kigali. Mbio zao zilikuwa na urefu wa kilomita 164.6, na mshindi alikuwa Magdeleine Vallieres wa Kanada, mwanamke ambaye watu wengi hawakuwa wamemtaja kabisa katika utabiri wao, akifuatiwa na Niamh Fisher-Black wa New Zealand na Mavi García wa Hispania. Binti yangu alizifuatilia kwa maandishi kwenye simu yangu hadi chaji ikaisha. Naomba mtambue kwamba kwake siku ile ndiyo iliyokuwa safari yenyewe. Alitaka kuona kwa macho yake jinsi wanawake wanavyobadilisha gia kabla mlima haujaanza, jinsi wanavyokula wakiwa katika mwendo, na jinsi wanavyopangana kila kundi linapokaribia kona. Hayo hayaonekani vizuri kwenye televisheni, na hakuna fedha mtakayorejesha itakayomrudishia. Pamoja na hayo, fedha yenyewe mnapaswa kuirejesha.

Usiku wa Jumamosi tulipelekwa kulala Nyamata, mji ulio wilaya ya Bugesera, nje kabisa ya Kigali, ilhali tangazo lenu lilisema kwa maneno yenu wenyewe kwamba malazi yangekuwa «umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Kimihurura», mtaa wa Kigali ambako mbio zilipita. Tofauti hii isingekuwa kubwa kama tungekuwa tumekwenda kutazama mpira. Katika mbio za barabarani ndiyo iliyoharibu kila kitu, kwa sababu uwanja wenyewe ni barabara za mji, na barabara hizo hufungwa. Mamlaka za Rwanda zilikuwa zimetangaza mapema ni barabara zipi zingefungwa na zipi zingetumika badala yake, na hata shule za Kigali zilifungwa wiki nzima ili kupunguza msongamano. Asubuhi ya Jumapili tuliondoka Nyamata saa 3:00 kwa saa za Rwanda, yaani dakika 45 tu kabla ya mbio kuanza, na basi likazuiwa Kicukiro, kama ambavyo lilipaswa kuzuiwa. Askari aliyetusimamisha alikuwa na adabu sana, akamwonyesha dereva ramani ya kufungwa kwa barabara na kumuuliza kama kampuni haikuipata. Dereva alijibu kwamba hakuna aliyempa. Sina lawama na dereva huyo. Alifanya kazi yake kwa uangalifu kwa siku zote nne.

Kutoka hapo tulitembea. Katika kundi letu walikuwamo wazee wawili na mama mwenye mtoto mgongoni. Tulifika Kimihurura saa 6 kasoro mchana, na ndipo nilipogundua jambo ambalo naliona kuwa zito kuliko yote katika barua hii.

Katika mchanganuo wa bei mlituandikia «kiingilio cha eneo la watazamaji, shilingi 120,000». Eneo mlilotupeleka ni ukingo wa barabara. Halikuwa na lango wala mkaguzi wa tiketi. Tulisimama pamoja na wakazi wa Kimihurura, wanafunzi, akina mama wenye miavuli na vijana waliopanda juu ya kuta, na hakuna hata mmoja wao aliyelipa chochote, kwa sababu kutazama mbio za barabarani ukiwa kando ya njia ni bure. Ndivyo ilivyo kila mwezi Februari katika Tour du Rwanda, mbio za baiskeli za kila mwaka za nchi hiyo, na ndivyo ilivyokuwa katika mashindano haya. Yalikuwapo maeneo ya kulipia yenye viti na huduma maalumu, lakini sisi hatukupelekwa huko. Kwa hiyo kampuni ilitutoza shilingi 120,000 kila mtu kwa kitu ambacho hakiuzwi. Nimejitahidi kutafuta maelezo mengine yanayoweza kuhalalisha tozo hiyo, nami sikuyapata. Nawaomba mnipe yenu kwa maandishi.

Sasa niruhusuni nieleze kwa urefu kidogo mpangilio wa mbio zenyewe, maana bila kuuelewa hamtaona kosa la mchana ule lilikuwa wapi. Mbio za wanaume zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5, na jumla ya milima waliyopanda ilifikia mita 5,475, karibu sawa na mtu kutoka usawa wa bahari hadi pale ambapo kilele cha Kilimanjaro hakiko mbali. Walianza na mizunguko tisa ya kilomita 15.1, kila mzunguko ukipanda kilima cha Golf na kile cha Kimihurura chenye barabara ya mawe. Baada ya hapo waliuacha mzunguko huo, wakaenda kupanda Mlima Kigali na kisha ukuta wa Kwa Mutwe, ambako mawe na mwinuko hukutana, ndipo wakarudi kumalizia mizunguko sita. Mtu aliyesimama Kimihurura, kwa hiyo, aliwaona waendeshaji kila baada ya dakika ishirini na kitu, kisha wakapotea kwa takriban saa nzima, kisha wakarudi wakiwa wametawanyika. Yote haya yaliandikwa wazi kwenye ratiba rasmi, na aliyepanga safari alipaswa kuyajua kabla ya kutangaza bei.

Kiongozi wa msafara mliyemtuma hakuyajua. Waendeshaji walipokwenda Mlima Kigali na barabara ikawa tupu, alitutangazia kwamba mbio zimehamia upande mwingine wa mji, hivyo twende tukapate chakula, na kwamba chakula kilikuwa sehemu ya malipo. Nilimweleza kwamba wangerudi, naye akanijibu kwamba kundi haliwezi kugawanyika. Tulikula mbali na barabara, mahali pasipokuwa na televisheni wala redio. Ilikuwa ni wakati huo ambapo Tadej Pogačar wa Slovenia, bingwa mtetezi, alishambulia kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilomita zipatazo 104, Juan Ayuso na Isaac del Toro wakamfuata, na mmoja baada ya mwingine wakashindwa kuendelea naye. Alibaki peke yake zikiwa zimebaki kilomita 66. Tuliporudi Kimihurura alikuwa tayari anapanda yale mawe bila mtu nyuma yake kwa mbali, na binti yangu akaniuliza wengine wako wapi. Sikuwa na jibu, kwa kuwa mimi pia sikuwa nimeona chochote.

Hata hivyo nilijifariji kwamba mwisho tungeuona. Nyuma ya Pogačar, Remco Evenepoel wa Ubelgiji, ambaye wiki moja kabla alikuwa ametwaa taji la dunia la mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa katika mji huo huo, alikuwa amelazimika kubadilisha baiskeli mara mbili na sasa alikuwa anafukuza kwa nguvu zote. Watu walikuwa wameanza kuhesabu kwa sauti tofauti ya muda kila walipopita. Katika hali hiyo, saa 9:20 alasiri kwa saa za Rwanda, kiongozi wa msafara alituamuru tuanze kutembea kuelekea kwenye basi, akisema kwamba ratiba inasema saa 10:30 kuondoka na kwamba kampuni hulipa faini ikichelewa.

Ndugu Meneja, saa ya kiongozi huyo ilikuwa bado ya Tanzania. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Ratiba yenu ilionyesha kwamba mbio zingemalizika mnamo saa 10:00 jioni na kuondoka kungekuwa saa 10:30, na kwa saa za Rwanda ilikuwa sahihi: mshindi alivuka mstari saa 10 na dakika chache, sisi tukiwa tumewapa mgongo, tunashuka kuelekea Kicukiro, tukisikia kelele za watu zikitoka mlimani. Abiria watatu, mimi nikiwa mmoja wao, tulimwonyesha simu zetu zilizokuwa zimejibadilisha saa zenyewe tangu tulipovuka Rusumo. Alisema anafuata saa ya ofisi, na kwamba atakayebaki atajitafutia usafiri wa kurudi. Nikiwa na mtoto wa kike katika mji ambao siujui, sikuweza kubaki.

Kwa hiyo hatukumwona Pogačar akivuka mstari, wala Evenepoel akifika dakika 1 na sekunde 28 baadaye, wala Ben Healy wa Ayalandi akichukua nafasi ya tatu. Waliomaliza mbio zile walikuwa 30 tu, na hao nao, ambao kwa maoni yangu ndio wanaostahili kushangiliwa kuliko wote, hatukumwona hata mmoja akifika.

Tulipofika kwenye basi tulisubiri hapo zaidi ya saa moja, kwa kuwa barabara zilikuwa bado zimefungwa.

Kutokana na hayo yote, naomba kampuni inirejeshee shilingi 240,000 nilizotozwa kama kiingilio kwa watu wawili, zote bila makato; inirejeshee tofauti kati ya gharama ya malazi ya Kimihurura tuliyoahidiwa na ile ya Nyamata tuliyopewa; na inilipe fidia ya nusu ya nauli kwa siku ya Jumamosi iliyopotea mpakani kwa sababu ya bima. Kiasi cha malazi sina namna ya kukijua, hivyo naomba mnionyeshe stakabadhi za nyumba ya wageni mliyoilipa. Nakala za tangazo, ratiba, mchanganuo wa bei na stakabadhi yangu nimeziambatanisha.

Naomba pia jibu juu ya jambo la pili. Nimeona kwamba mmeanza kupokea malipo ya awali kwa ajili ya Tour du Rwanda ya mwezi Februari, na mchanganuo wake una kiingilio kile kile. Naomba mkiondoe, na muwarejeshee waliokwisha kulipa. Halafu mtafuteni kiongozi anayeujua mchezo huu. Hapa Mwanza wapo makocha na waendeshaji wastaafu ambao wangeifanya kazi hiyo kwa furaha, na nikiombwa niko tayari kuwatajia.

Nitasubiri majibu yenu kwa maandishi kwa muda wa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Muda huo ukipita bila jibu, suala la kiingilio nitalifikisha Tume ya Ushindani, na suala la basi kusafiri bila bima ya kuvukia mpaka nitalifikisha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini.

Wenu katika kusubiri majibu,

Mteja na mzazi,
Nyegezi, Mwanza