Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Chama cha Wafugaji wa Sato

Ndugu wanachama,

Mafunzo ya chakula yalifanyika, kokoro, wavu wetu wa kuvulia, limeshonwa upya, mizani imenunuliwa. Hayo mnayajua.

Nizungumzie vifaranga vya dume tupu, yaani vifaranga vya sato vilivyolishwa homoni ili wawe madume, maana maneno yamekuwa mengi. Ni kweli kamati ilinunua bila mkutano wenye akidi kuidhinisha. Mikutano miwili iliitishwa: wa kwanza mlikuja 9 kati ya 41, wa pili 7. Mabwawa yalikwisha jazwa maji, nami niliona heri kulaumiwa kuliko kupoteza msimu.

Waliotaka tuhamie perege wajue kuwa jamii yote ya Oreochromis, ambamo wamo sato na perege, ni ileile: jike huatamia mayai mdomoni, na muda huo karibu hali kitu, basi hakui. Sato jike bwawani huweza kutaga akiwa na gramu 40 tu. Watoto wakijaa, chakula hakitoshi na wote wanadumaa. Kuchagua madume kwa macho kunawezekana wakifika gramu 20 hadi 30, jike ana matundu matatu na dume mawili, ila ukipitiwa na majike machache umerudi palepale.

Ndiyo maana ya homoni: ile ya kiume hutiwa kwenye chakula cha vifaranga, miligramu 60 kwa kilo, siku 21 hadi 28 tangu waanze kula. Samaki anavuliwa miezi kadhaa baadaye, dawa imekwisha toka mwilini. Hiyo ni kazi ya kituo cha vifaranga, si ya kukisia nyumbani.

Kuna waliokuta watoto bwawani wakasema tumetapeliwa. Njia hii ya homoni haitoi madume asilimia 100, hilo nakiri. Lakini mabwawa tuliyokagua yalibakiwa na vidimbwi chini, na bomba la kuingizia maji halikuwa na chujio. Samaki wa zamani walikuwemo! Hapo kamati haina kosa. Kausha mpaka tope lipasuke, tia chokaa kilo 10 hadi 15 kwa kila mita 100 za mraba, funga chujio, ndipo upandikize, watatu kwa mita moja ya mraba. Mfuko wa vifaranga uelee bwawani dakika 15 hadi 20 kabla ya kufunguliwa. Wanaowamwaga papo hapo ndio wanaookota mizoga asubuhi.

Wanachama 23 wanadaiwa ada, wengine tangu mwaka juzi, na baadhi yao ndio wa kwanza kuulizia mgao.

Mwakani, Mungu akijalia, tunatarajia matenki yetu wenyewe ya kuzalishia.

Mwenyekiti