Miamba yenye mashimo ya kusagia isivunjwe kokoto

Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linaloniuma. Kwenye vilima vya kwetu hapa Masasi, vijana wanachoma matairi juu ya mwamba mpaka upasuke, kisha wanamalizia kwa nyundo na kuuza kokoto. Siwalaumu kutafuta riziki. Korosho ina msimu wake, njaa haina. Kinachoniumiza ni mwamba waliouchagua.

Sasa wameufikia ule wenye mashimo ya kusagia, ambamo watu wa kale walisaga kwa jiwe la mkononi. Nusu yake imeshakwenda na lori. Msidhani mashimo haya yamechimbwa na mvua. Shimo linalochimbwa na maji ya mvua huwa na chembechembe ndani, linakwaruza. Haya ukipitisha kiganja ni laini kama sahani, marefu kidogo, na yameinama upande mmoja, kule jiwe la mkononi lilikosukumiwa. Marehemu bibi alituambia kuwa yeye aliyakuta tayari yapo, na waliomzaa nao waliyakuta.

Wenzetu wanavitunza vitu vya namna hii. Laos, barani Asia, kwenye uwanda wa Xieng Khouang, kuna mitungi ya mawe zaidi ya 2,000 iliyochongwa na watu wa Enzi ya Chuma kwa ajili ya maziko. Ndege za Marekani zilimwaga mabomu eneo hilo wakati wa Vita vya Vietnam. Ikabidi ardhi isafishwe ndipo watu waingie salama, na mwaka 2019 UNESCO ikaitangaza urithi wa dunia. Tusiende mbali: Hyrax Hill, pale Nakuru, Kenya, bao zilizochongwa mwambani zinahifadhiwa na watoto wa shule wanapelekwa kuziona.

Mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, iko Berlin hadi leo, na tunalalamika kwa haki. Lakini mwamba huu hakuna mgeni anayetunyang'anya. Tunauvunja wenyewe, wakati Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda hata mawe yaliyochongwa na mikono ya watu kabla ya 1863.

Serikali ya kijiji iwaonyeshe vijana mwamba mwingine. Isiyo na alama ipo tele. Na ofisa utamaduni wa wilaya aje apime na kupiga picha mashimo yaliyobaki kabla ya mvua. Mimi niko tayari kumwonyesha njia.

Mwalimu mstaafu,
Masasi, Mtwara