Jenereta bila kodi sawa, ila msiiweke gereji

Mhariri, naomba kanafasi niwaambie ndugu zetu mlioko Texas, ile wikendi ya mwisho wa Aprili jimbo linaposamehe kodi ya mauzo kwenye vifaa vya dharura msiipitishe hivi hivi. Jenereta ya kubeba ikiwa chini ya dola 3,000 hailipiwi kodi, na sehemu nyingi huku kodi ni asilimia 8.25, kwa hiyo ya dola 1,000 unabaki na dola 82 na senti zake mfukoni, si haba.

Betri, tochi, redio na madumu ya mafuta nayo yamo ila kila kimoja kiwe chini ya dola 75. Tena angalia hela ya delivari maana inajumlishwa kwenye bei, ikivuka kiwango tu basi unakatwa kodi kama kawaida. Msumeno wa kukatia miti haumo, mahema hayamo, na mimi sielewi kwa nini maana kimbunga kikipita cha kwanza si mti uliolala mlangoni?

Sasa kilichonifanya niandike. Watu wananunua jenereta wanaiwasha ndani ya gereji ya nyumba, pale wanapoweka gari, eti isiibiwe! Ule moshi una gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, haina harufu, na kwenye ile baridi kali ya Februari 2021 gesi hiyo iliua watu humu humu Texas. Iweke nje, futi 20 kutoka nyumbani, moshi uelekee mbali na madirisha. Kile kifaa kinacholia kikinusa hiyo gesi nacho hakina kodi wikendi hiyo, chukueni jamani.

Msomaji wenu, Houston