Dada Pili, nguo za picha tuanzie kwa bibi

Leeds, Novemba 2025

Dada yangu Pili, shikamoo. Mama mpe shikamoo yangu, na bibi mkiongea naye mwambie mwangaluka kutoka kwa mjukuu wake wa kwenye baridi. Mi mzima, shule inaenda na kibarua kinaenda, sema tu sa hivi huku saa kumi jioni giza limeshaanza kuingia, jua nalitamani kweli. Kulwa na Doto hawajambo?

Nimesoma yote mliyoandika kwenye grupu kuhusu picha ya familia tutakayopiga huko Mwanza Jumamosi tarehe 27 Desemba, nimeona nisijibu kule maana meseji zinapishana, unamjibu shemeji anaitika anko, bora nikuandikie wewe afu uwasomee wengine.

Kwanza hili la sare. Naelewa kwanini anko Masanja anataka wote tushone kitenge kimoja, kwenye harusi sare inapendeza sana, mgeni akiingia tu anajua huyu ni wa upande gani. Ila hii sio harusi. Tutakuwa watu zaidi ya kumi tumebanana kwenye picha moja, sasa kitenge chenye maua makubwa kikijirudia kwa wote hao macho ya mtu yanaenda kwenye maua, sura zinamezwa. Unajua wikendi huwa namsaidia mpiga picha mmoja huku kubeba taa na kupanga watu, nimeliona hili mara nyingi, familia imevaa sare kamili na picha ikitoka unamtafuta mama mtu yuko wapi.

Mi naomba tufanye hivi, tuanzie kwa bibi. Bibi avae kile kitenge chake cha Mwatex, kiwanda cha nguo cha Mwanza, kile cha bluu iliyokolea chenye maua ya njano ya udongo, ambacho pindo lake alilishona mwenyewe kwa uzi mweusi na unaona kabisa mishono haijanyooka. Msimshonee kipya. Bibi akivaa nguo ngumu ya dukani anakaa kama yuko kwenye benchi la hospitali, mabega juu, lakini akiwa na kitenge chake anacheka mwenyewe. Afu wengine wote tunachukua rangi kutoka kwake. Mama gauni la bluu nzito lisilo na maua, akitaka ajitande mtandio wa njano, wewe gauni la njano ya haradali, akina kaka mashati ya bluu au rangi ya maziwa, na kitenge chenye maua kibaki kwa watu wawili watatu tu, labda watoto. Hapo mtu akiangalia anaona ni ukoo mmoja bila kuambiwa, na kila sura inasimama yenyewe.

Mashati meupe pee muyaache kama inawezekana. Sisi ngozi zetu nyeusi, kamera ikihangaika na weupe wa shati sura inakuwa giza, ikihangaika na sura shati linaungua linakuwa jeupe halina hata mkunjo. Rangi ya maziwa inatosha. Vidrafti vidogovidogo na mistari myembamba pia hapana, kwenye picha vinachezacheza. Na yale maandishi makubwa kifuani hapana. Masanja mdogo najua atakuja na jezi, mwambie namheshimu yeye na naiheshimu timu ya Pamba lakini siku hiyo jezi ibaki nyumbani.

Mkienda Makoroboi kununua kitambaa kitoeni nje ya duka mkiangalie juani, taa za ndani zinadanganya, bluu inageuka zambarau ukifika nyumbani. Chukueni pamba, ile ya kuteleza inang'aa sana na mtu akitoka jasho inamganda. Na kifueni kabla hakijaenda kwa fundi maana kinaruka, hasa kwa watoto. Afu dada, fundi apewe kazi wiki hii hii. Desemba kila mtu wa Mwanza anashona, ukimpelekea tarehe kumi atakwambia njoo kesho mpaka Krismasi ipite. Mwambieni siku yetu ni tarehe 18 ili kama kuna cha kurekebisha muda uwepo.

Nguo zikishakuwa tayari zitandikeni zote kwenye mkeka pale barazani, panga kama watu watakavyokaa, piga picha kwa simu unitumie. Afu hiyo hiyo igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama zote zimekuwa kijivu kimoja ujue tumefanana sana, tutafute nyepesi kidogo kwa mtu mmoja wawili.

Mahali, mi nakubaliana na mama, kule mwambao wa Capri Point kwenye mawe. Ila mawe ni ya kijivu, kwahiyo asije mtu na kijivu, atapotelea humo. Na yule kijana mpiga picha asituweke mchana. Jua la saa saba Mwanza liko utosini, macho yote yanakuwa mashimo meusi na bibi atachoka. Desemba linazama karibu saa moja jioni, kwahiyo tuanze saa kumi na moja na nusu, mwanga umelala, ngozi inatoka na rangi yake ya kweli. Jua litupige ubavuni, tusilipe jua mgongo ziwa likiwa linameremeta nyuma, sura zitakuwa vivuli. Mvua ikija tunarudi barazani, pale panatosha kabisa.

Kiti cha bibi mtoke nacho nyumbani. Kile cha mbao cha baba, kipangusweni vizuri. Sitaki akalie kiti cha plastiki chenye tangazo la soda.

Nywele za mapacha wasukwe Alhamisi ya wiki ile au kabla, sio Ijumaa, zikiwa mpya zinavuta paji la uso mpaka macho yanabadilika. Na mafuta ya mgando kidogo tu usoni, najua bibi anapenda mtoto ang'ae, mwambie siku hiyo tu. Wanaume wanyoe siku mbili kabla ili vipele vitulie. Mama miwani asivue, sisi mama yetu tunamjua na miwani, ashushe kidevu kidogo tu kioo kisirudishe mwanga.

Unaweza kuona nimeng'ang'ania vitu vidogo dada, lakini fikiria. Picha pekee tulizo nazo wote tukiwa pamoja ni za msiba wa baba, na pale hakuna aliyekaa kwa ajili ya kamera, macho yamevimba, mama amejifunika. Kulwa na Doto wakikua hawana pa kuoneshwa bibi yao akicheka katikati yetu. Nataka hiyo iwepo, itundikwe pale sebuleni juu ya kabati.

Bibi kutoka Sengerema sasa ni rahisi, tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni hakuna tena kukaa foleni ya kivuko na mtu mzima kwenye jua. Ila aje tarehe 26, alale, apumzike, asitoke safarini akaingia kwenye picha. Nauli na hela ya kitambaa nimetuma kwenye simu ya mama, angalieni kama imeingia.

Kilichobaki ni vipimo vya Masanja mdogo, kiuno na urefu wa mguu, maana suruali ya bluu nitakuja nayo kutoka huku. Na namba ya kiatu cha mama. Nitumie kabla ya Ijumaa, Jumamosi naingia dukani.

Mdogo wako anayekupenda,
Neema