Barua kwa Wanjiru: Kuhusu Star Wars na Ubishi wa Krismasi

Mwanangu Wanjiru,

Natumai ulifika salama na masomo yameshika kasi. Sisi huku Thika hatujambo. Mvua imechelewa ila ng'ombe bado wana nyasi, na Shosho anakusalimu sana.

Mama yako ameniambia kwamba usiku ule wa Krismasi ulienda kulala ukilia baada ya kubishana na binamu yako Kamau. Mimi nilisikia sauti zikipanda sebuleni nikajua ni mambo ya mpira. Kumbe ni Star Wars, zile filamu za vita vya anga. Nimeambiwa alikwambia wewe si shabiki wa kweli kwa kuwa ulianzia The Phantom Menace ya 1999, na kwamba mtu anayezipenda zile filamu tatu za 1999, 2002 na 2005 hajui sinema ni kitu gani. Ningekupigia, lakini nakujua: ungesema "sawa, Baba" kisha ungekata. Jambo hili lina uzito kwangu, haliwezi kutoshea kwenye simu ya dakika tano.

Kamau anazungumza kana kwamba kuna wakati mashabiki wote walikubaliana. Wakati huo haukuwahi kuwapo. Filamu ya kwanza ilipotoka Mei 1977, studio yenyewe haikuwa na imani nayo. Ilifunguliwa katika kumbi chache tu kote Marekani, na foleni za watu ndizo zilizowashtua wakubwa. Miaka mitatu baadaye ikaja The Empire Strikes Back, ambayo leo watu wengi, nikiwemo mimi, wanaiweka juu ya zote. Mwaka huo wa 1980 Vincent Canby wa New York Times aliiponda, na wapo watazamaji waliotoka ukumbini wamenuna: hadithi imekatwa katikati, rubani Han Solo amegandishwa, shujaa Luke amekatwa mkono, na adui mkuu Darth Vader amedai kuwa ndiye baba wa Luke. James Earl Jones, aliyempa Vader sauti, alieleza kwamba alipousoma mstari ule mara ya kwanza alidhani Vader anadanganya. Siri ilifichwa hata kwa waliokuwa pale wakipiga picha. David Prowse, aliyevaa lile vazi jeusi, alitamka maneno mengine kabisa, na sauti ya Jones ikawekwa baadaye. Kwa hiyo watu walibishana miaka mitatu mizima kama ni kweli au ni uongo, bila jibu.

Kisha 1983 ikaja Return of the Jedi. Baadhi ya wazee wanaosema leo kwamba mambo yaliharibika 1999 walikuwa vijana wakati huo, wakilalamika kwamba wale Ewok wenye manyoya wamewekwa humo ili wauzwe kama vidoli.

Hiyo ndiyo filamu iliyoniteka mimi. Niliiona kwa kanda ya video nyumbani kwa mjomba wangu aliyekuwa na deki, nikiwa bado shule ya msingi. Shosho alikuwa ameketi pembeni akichambua maharagwe, hana habari na kilichokuwa kwenye skrini. Vikafika vita vya mwisho. Lando Calrissian anaendesha chombo cha anga Millennium Falcon, na kando yake yuko rubani mwenye masikio makubwa na mashavu yanayoning'inia, jina lake Nien Nunb. Akafungua mdomo akasema Kikuyu. Kikuyu chetu, cha wazi, anawaita walio kule waje hapa. Shosho aliinua kichwa akauliza ni nani huyo anayeongea. Sauti ile ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani, aliyerekodiwa na Ben Burtt, fundi wa sauti wa filamu hizo. Walipomhitaji Nien Nunb tena kwa ajili ya The Force Awakens mwaka 2015, Rotich alirudi, na ndiyo filamu hiyo hiyo Lupita Nyong'o alimoingia kama Maz Kanata. Mhakiki yeyote akiniambia Return of the Jedi ni dhaifu kuliko mbili zilizoitangulia, nitamsikiliza, na huenda nikakubali. Lakini hatanitoa kwenye kile chumba. Wala Kamau hakuwapo hapa ulipokuwa na miaka sita, ukizungusha mpini wa fagio kila ulipopita ukumbini, wewe ni yule mwovu Darth Maul na kaka yako maskini ndiye Jedi, shujaa wa upanga wa mwanga.

Hata hivyo sitaki uende kwa Kamau na kumbukumbu za utotoni peke yake. Kumbukumbu zinaeleza kwa nini unaipenda filamu. Kama unataka kumwonyesha kuwa ni nzuri, itabidi umpeleke kwenye picha zenyewe.

Mpeleke kwenye pambano la mwisho la The Phantom Menace. Jedi Qui-Gon Jinn anapigana na Darth Maul kwenye ujia mrefu, mara kuta za miali nyekundu zinajifunga na kila mmoja anabaki upande wake. Tazama wanachofanya. Maul anatembea huku na huku, anagusa ukuta kwa upanga wake wa mwanga kujaribu kama utapita, macho hayamtoki adui. Qui-Gon anauzima wake, anapiga magoti, anafumba macho. Nyuma kabisa Obi-Wan kijana amesimama akihema, mwili mzima unataka kukimbia. Hakuna anayesema neno. Kwa zile sekunde chache umeshawajua wote watatu: mwindaji, mwalimu, na mwanafunzi ambaye bado hajaelewa alichofundishwa. Kisha kuta zinafunguka, na ile kwaya ya John Williams, inayoimba kwa Kisanskriti, inarudi kwa nguvu zote. Mwambie Kamau akutajie pambano katika filamu tatu za mwanzo linaloeleza watu kiasi hicho bila maneno. Analo moja, lile la Luke na Vader kule Cloud City, la 1980. Akilitaja, mtakuwa mmeanza kuzungumza sinema, na hapo ubishi utakuwa mtamu.

Akisema mazungumzo ya filamu hizo ni makavu, mkubalie. Ni makavu kweli. Katika Attack of the Clones ya 2002, Natalie Portman na Hayden Christensen, wanaocheza Padmé na Anakin, wamepewa maneno ya mapenzi ambayo hakuna mwigizaji angeyatamka yakasikika kama ya watu wanaopendana. Nadhani sababu yake inajulikana. Mwaka 1980 George Lucas, mwanzilishi wa Star Wars, alimwachia Irvin Kershner uongozaji. Leigh Brackett aliandika rasimu ya kwanza kabla ya kufariki, Lawrence Kasdan akaimalizia kazi, na hivyo kila sentensi ilipita mikononi mwa watu wenye mawazo yao. Kufikia 1999 Lucas aliandika mwenyewe, akaongoza mwenyewe, kwa fedha zake mwenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Lakini hadithi aliyoichagua ilikuwa nzito, na hapo Kamau hana pa kutokea. Palpatine, mwanasiasa wa filamu hizo, hapindui serikali kwa bunduki. Anachaguliwa. Anapendekezewa mamlaka ya dharura kwa ajili ya vita ambavyo yeye mwenyewe anavichochea pande zote mbili, Seneti inampa, na siku anapojitangaza Kaisari ukumbi mzima unapiga makofi huku Padmé akitazama. Nilikuwa mtu mzima nilipoiona sehemu hiyo, nimeshaona chaguzi zetu kadhaa, na ilinikaa kifuani. Filamu iliyotengenezwa ili watoto nao waitazame, ikathubutu kuwaonyesha hilo, siwezi kuiita takataka. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni watu wazima, na Revenge of the Sith iliporudishwa kwenye kumbi 2025, miaka 20 baada ya kutoka, walimiminika kwenda kuitazama.

Kuna lawama moja ambayo niko upande wa Kamau moja kwa moja. Mwaka 1997 Lucas alizirudisha filamu tatu za mwanzo akiwa amezibadilisha. Katika ile ya 1977, Han Solo amekaa mezani na Greedo aliyekuja kumkamata, na Han anampiga risasi kwa chini ya meza bila kumngoja. Katika toleo la 1997 Greedo ndiye anayetangulia kupiga, akiwa karibu hivyo, na anakosa. Mtu aliyekuwa mjanja na wa kuogopwa kidogo akafanywa mtu mwema tangu mwanzo, na kubadilika kwake baadaye kukapoteza ladha. Kinachonikera ni kwamba Lucas huyu huyu mwaka 1988 alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kupinga kampuni zilizokuwa zikizitia rangi filamu za zamani na kuzibadilisha. Alisema vizuri siku ile. Aongeze anavyotaka, kazi ni yake, lakini ile tuliyoipenda ingeachwa ipatikane.

Sasa nije kwenye lililoniuma, yaani hayo maneno "si shabiki wa kweli". Hayo yameumiza watu, Wanjiru, na si wa kubuni. Ahmed Best alikuwa kijana wa miaka ya ishirini alipocheza Jar Jar Binks katika The Phantom Menace, mmoja wa wahusika wakubwa wa kwanza kuundwa kikamilifu kwa kompyuta kutokana na miendo ya mwigizaji. Wapo waliosema lafudhi ya Jar Jar inawakejeli watu wa Karibiani, na hoja hiyo nzito ilistahili kujibiwa na waliomwandika. Badala yake chuki ilimshukia kijana aliyefanya kazi aliyopewa. Mwaka 2018 alisema hadharani kwamba nusura ajitoe uhai. Mwaka huo huo Kelly Marie Tran, aliyecheza Rose Tico katika The Last Jedi ya 2017, alifuta picha zake zote Instagram kwa sababu ya matusi, mengi yakiwa juu ya rangi yake na uanamke wake. Waliotukana wote walidai wanalinda Star Wars. Ahmed Best alirudi 2023 kwenye tamthilia ya The Mandalorian, safari hii akiwa Jedi mwenye panga mbili, anamwokoa mtoto Grogu. Nilifurahi mno nilipomwona, Mama yako ni shahidi.

Kamau si mtu wa namna hiyo, ni kijana mwema, na nimeshaongea naye kwa upole. Ila amelizoea neno baya, na hataliacha kama wewe nawe unalitumia. Nimekusikia, mwanangu. The Last Jedi unaisema kwa ukali ule ule anaowasemea Anakin na Padmé, na rafiki yako Achieng' anayeipenda ulimwambia hajaielewa Star Wars.

Basi tubishane mimi na wewe. Unasema Luke Skywalker asingeweza kuutupa upanga wa mwanga nyuma ya bega lake. Lakini katika filamu ya 1983, akiwa ameshamshinda baba yake, anautupa upanga mbele ya Kaisari na kukataa kuua. Rian Johnson, mwongozaji wa The Last Jedi, alimkuta Luke tayari ni mtu wa kutupa upanga. Hoja yako ya pili ina nguvu zaidi, na Mark Hamill mwenyewe, anayemcheza Luke, aliwahi kusema wazi kwamba hakukubaliana na mwelekeo aliopewa Luke: vipi mtu aliyeamini kuna wema ndani ya Vader awashe upanga juu ya mpwa wake aliyelala? Nimeifikiria sana. Jibu langu ni kwamba mwaka 1983 Vader alipomtaja dada wa Luke, Luke alimvamia kwa hasira, akampiga mpaka akamwangusha na kumkata mkono, na ni kuuona ule mkono wa mashine ndiko kulikomzuia. Hofu ya kuwapoteza awapendao ilikuwa ndani yake tangu zamani. Mwishoni mwa The Last Jedi, kwenye sayari ya Crait, anasimama peke yake mbele ya jeshi zima, anawaokoa wenzake wote, na hakuna hata mtu mmoja anayejeruhiwa kwa upanga wake. Sijaona Jedi mwingine katika filamu zote hizo aliyefanya hivyo.

Ile ya 2019, The Rise of Skywalker, sitaitetea. Kaisari amefufuka karibu bila maelezo, na Rose amebaki na mistari ya kuhesabika. Kwa maoni yangu, pale waliopiga kelele ndio waliosikilizwa.

Naomba unijibu kwa maandishi. Kama unaamini kwamba Luke wa 1983 aliweza kuinua upanga juu ya baba yake aliyeanguka, ni nini hasa katika Luke wa 2017 usichoweza kukiamini? Usiniandikie "nahisi tu." Nitajie tukio, na uniambie linatokea wapi kwenye filamu. Nimemwalika Kamau Pasaka, na yeye nimempa swali lake kuhusu Qui-Gon na zile kuta. Ukija, beba ile Attack of the Clones ya rafiki yako, maana diski yetu imekwaruzika na inakwama kila tunapofika kule uwanjani Geonosis. Pesa za matumizi nimekutumia leo kwa M-Pesa, kagua simu yako.

Nakupenda sana.

Baba yako